Hatua elfu mbili za Waru

Kwanza niseme mimi sio mtu wa farasi. Mimi ni fundi wa simu, nina kibanda hapa Nakuru town, na mpaka mwaka jana farasi nilikuwa nawajua kwa mambo mawili tu, mbio za Ngong zile wazee flani hupigia hesabu Jumapili, na hadithi za marehemu babu ambaye alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa mzungu huko Njoro. Saa hii naweza kukuambia farasi akilaza masikio nyuma kaa mbali naye, na usimpitie nyuma kimya kimya juu hapo nyuma ya mkia na hapa mbele ya paji la uso hakuoni, ingawa kwingine kote macho yake yanazunguka karibu mzima mzima. Najua pia mavi yake yanalea sukuma wiki kuliko ya ng'ombe. Hiyo ni mama yangu amesema, ukitaka kubisha bisha na yeye.

Yote yaliletwa na Anko. Anko ni kijana wa dada yangu, ana miaka tisa, mimi namwita Anko na yeye ananiita Anko, ukituskia kwa simu utachanganyikiwa. Ana mtindio wa ubongo, ile wazazi wengi tunaita CP tu. Usiku aliozaliwa dada alikaa sana kwa benchi la hospitali flani, sitaitaja, na mtoto alipotoka hakulia. Ubongo wa mtoto ukikosa hewa, hata dakika chache, ile sehemu inayotuma amri kwa misuli inaumia, na kwa Anko miguu ndio ilipata pigo kubwa. Misuli ya mapaja inakaza yenyewe mpaka magoti yanapishana kama makasi. Mikono inafanya kazi ila polepole, maneno yanatoka ila moja moja kama maji ya mfereji wa mtaa wetu wa Kaptembwo siku ya mgao, lakini kichwa ni kizima kabisa, huyo mtoto anajua jedwali la ligi ya Uingereza mpaka timu ya ishirini na ukikosea pointi anakucheka.

Kuna kitu fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alitueleza mapema na nimegundua watu wengi hawajui. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki. Shida ni mtoto anakua, mifupa inarefuka kila mwaka na misuli iliyokaza inakataa kurefuka nayo, kwa hivo mtoto aliyekuwa anakaa vizuri akiwa na miaka mitatu anaweza kufika kumi amejikunja. Ndio maana mazoezi hayaishi. Hakuna siku utaitwa uambiwe umemaliza, rudi nyumbani.

Na mtu akichoka na kitu kisichoisha anatafuta kinachoisha mara moja. Tulimpeleka kwa mkutano wa injili, hapa kwetu hiyo mikutano ni mingi na mikubwa. Anko alikuwa na miaka sita. Mhubiri alimtoa kwa kiti, akamsimamisha jukwaani watu wote wakiona, akashika maiki akamwambia "Tembea!" Mara tatu. Ya tatu akamwachilia. Mtoto alianguka na mdomo. Tukaambiwa imani ya familia ni ndogo. Dada yangu bado anaomba asubuhi na jioni na simlaumu hata kidogo, lakini mimi tangu hiyo siku mambo ya muujiza nikiyaskia nabadilisha stesheni. Juu mnajua Anko alisema nini pale chini, damu iko kwa meno? Alimwambia yule mtu "sori."

Sasa farasi. Madam wetu wa fizio, yule tunayempanga foleni hospitalini mara moja kwa mwezi, ndiye alituambia kuna shamba upande wa Njoro, mama mmoja ana farasi wanne watulivu, na yeye fizio huenda huko Jumamosi asubuhi kusaidia watoto. Sio hospitali, sio shule, hakuna hata bango barabarani. Nilidhani ni mambo ya watalii. Nikauliza kama mtoto atapigwa picha juu ya farasi alafu turudi, akaniangalia vile mwalimu huangalia mtoto aliyejibu swali lisilo lake.

Safari yenyewe ni kesi nyingine. Steji tunapanda matatu ya Njoro, nambeba Anko mgongoni, dada anakunja kiti cha magurudumu, na konda anasema kiti ni mzigo, kilipiwe nauli ya mtu mzima. Kila Jumamosi. Nimejaribu kubishana kwa upole, nimejaribu kwa ukali, nimejaribu kumwambia hizo ni miguu za mtoto, utalipisha miguu? Anasema bosi ndiye amesema. Siku nyingine tunalipa, siku nyingine abiria wanatutetea na dere anasema "wacha hiyo maneno twende."

Ile Jumamosi ya kwanza hata hakupanda. Tulienda na barua ya daktari na eksirei ya nyonga, na madam akaishika juu ya jua akaiangalia kwa muda mrefu kweli. Watoto wa CP wenye misuli iliyokaza hivo, kichwa cha mfupa wa paja huwa kinaanza kutoka kwa nafasi yake pole pole bila kuonekana, na ukimkalisha mtoto kama huyo mapaja wazi juu ya farasi unaweza kumwumiza badala ya kumsaidia. Wenye hali ya Down lazima shingo iangaliwe kwanza, kuna mifupa miwili ya juu kabisa ambayo kwa baadhi yao imelegea. Wenye kifafa ambacho dawa haijakitulizia, hapana. Wenye vidonda vya kukaliwa, hapana mpaka vipone. Kulikuwa na mama mwingine siku hiyo, ametoka mbali na msichana wake, na msichana ameanguka kifafa mara mbili wiki hiyo hiyo. Aliambiwa arudi kliniki dawa ibadilishwe kwanza. Alilia. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, nikasema hawa watu ni wakali bure, mpaka mzee saisi akaniambia, "Kijana, huyu mnyama ana kilo mia nne. Akianguka naye chini yake tutamwambia nini mama yake?"

Huyo mzee nitamwongelea kidogo. Amefanya kazi na farasi wa polo huko Gilgil tangu ujana, miguu yake yenyewe imepinda kama mabano, na haongei sana na watu, anaongea na farasi. Farasi tuliyepewa ni jike wa kahawia, mzee kidogo, mfupi kidogo, tumbo nene. Anaitwa Waru. Ukimwona utaelewa, ni kiazi kitupu cha Molo, amewekewa miguu tu. Nilitegemea kuona mnyama wa kwa sinema, singa zinapepea, kumbe kwa kazi hii farasi mzuri ni yule asiyeshtuka. Plastiki ikipeperushwa na upepo, mtoto akipiga kelele, kiti cha magurudumu kikigonga mbao, Waru anatafuna tu.

Basi Jumamosi ya pili akapanda. Wamejenga kijukwaa cha mbao chenye mteremko, unasukuma kiti mpaka juu na mtoto anakuwa sawa na mgongo wa farasi. Hakuna tandiko. Kuna blanketi nene na juu yake mkanda mpana umezunguka kifua cha farasi, una vishikio viwili kama vya mkokoteni. Helmeti kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mzee anashika kamba mbele, mtu mmoja kulia, mtu mmoja kushoto, na madam anazunguka akiangalia. Mimi nikawekwa kushoto. Nikaonyeshwa vile mkono wangu unalala juu ya paja la mtoto, unashikilia kwa uzito bila kufinya, na mkono mwingine uko tayari.

Anko alipokalishwa miguu ilikataa. Ilikaza, magoti yakapanda juu, akawa amekaa kama mtu aliyekaa kwa ndoo. Madam akasema msimvute, ngojeni. Tukangoja. Ngozi ya farasi ina joto, mwili wake uko kama digrii 38, umetuzidi kama digrii moja hivi, na lile joto lilikuwa linapanda kupitia blanketi hata mkono wangu ukaliskia. Mzee akasema "Twende Waru," tukaanza kutembea kwa ile polepole ya kupeleka maiti. Mzunguko wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna kitu. Wa tatu au wa nne nikaskia paja chini ya kiganja changu linalegea, si mara moja, kidogo kidogo kama fundo la kamba linalofunguliwa pole pole. Goti likashuka. Kisigino kikashuka. Nikaangalia upande wa pili, dada amenyamaza kabisa, mguu wa upande wake umeshuka pia. Nimemnyoosha huyo mtoto miguu kila jioni tangu akiwa mdogo, yeye akilia na mimi nikijifanya siskii, na sijawahi kuona ikishuka hivo bila mtu kuivuta.

Nikamuuliza madam ni nini hiyo, na jibu lake ndilo limenifanya niandike hii makala yote. Akaniambia simama, weka mikono kwa nyonga zako, tembea. Tembea uskie. Nikatembea pale kwa matope kama mwanamitindo. Nyonga inaenda mbele na nyuma, inapanda na kushuka upande upande, na inajipinda kidogo, yote kwa hatua moja. Akasema sasa angalia nyonga ya Anko. Ilikuwa inafanya vile vile. Farasi akitembea, mgongo wake unamsukuma aliyekaa juu kwa njia hizo tatu kwa pamoja, karibu sawa kabisa na binadamu anayetembea kwa miguu yake. Gari haifanyi hivo, baiskeli haifanyi. Na farasi kwa mwendo wa kawaida anapiga kama hatua mia moja kwa dakika. Anko hukaa juu dakika ishirini. Piga hesabu. Huyu mtoto hajawahi kupiga hatua yake mwenyewe bila kushikwa, na kila Jumamosi nyonga yake inapata hatua elfu mbili, na kila hatua mwili lazima ujisawazishe usianguke, tumbo linakaza, mgongo unanyooka, shingo inatafuta katikati. Hafundishwi. Anabebwa tu na mwili unajibu wenyewe.

Wataalamu wanaita hiyo hipotherapi, na wanaitofautisha na kufundishwa kupanda farasi. Kwa hipotherapi mwenye kazi ni fizio au mtaalamu mwenzake, anatumia mwendo wa farasi kama dawa, mtoto hashiki hata hatamu. Ile nyingine ni mchezo, mtu mwenye ulemavu anafundishwa kuendesha farasi kwa vifaa vilivyobadilishwa kumfaa, hatamu zenye vitanzi kwa asiye na vidole vya kukamata, vikuku vya kuwekea miguu ambavyo mguu hauwezi kukwama ukianguka. Hiyo imefika mpaka Paralimpiki, ile Olimpiki ya walemavu, tangu Atlanta 1996 haijawahi kukosa. Kuna madaraja matano kulingana na ulemavu, na kitu nilichopenda sana ni daraja la kwanza, la wenye ulemavu mzito zaidi: hao wanatembeza tu. Mashindano yao yote ni farasi akitembea. Unaweza kupewa dhahabu ya dunia nzima kwa kutembea polepole vizuri. Nilimwambia Anko hiyo, akaniuliza "Na... Waru?" Nikamwambia Waru tumbo litamkwamisha kwa ndege.

Lakini aliyefungua njia ni mama mmoja wa Denmark, Lis Hartel. Mwaka wa 1944 alikuwa na mimba, ana miaka 23, polio ikamshika. Mtoto alizaliwa salama, mama akabaki hana nguvu kutoka magoti kwenda chini. Alirudi kwa farasi, akiinuliwa kuwekwa juu na akiinuliwa kushushwa, na mwaka wa 1952 kwa Olimpiki ya Helsinki, hiyo Olimpiki yenyewe si ya walemavu, alishindana kwa dresaji, ule mchezo farasi anaonyesha hatua na mizunguko mbele ya majaji, na ulikuwa mwaka wa kwanza raia wa kawaida na wanawake kuruhusiwa, kabla ya hapo ilikuwa ni maofisa wa jeshi peke yao. Akachukua medali ya fedha. Kupanda jukwaa la medali hakuweza, mshindi wa dhahabu, Mswidi Henri Saint Cyr, ndiye alimsaidia. Miaka minne baadaye akachukua fedha tena. Watu wa hospitali Ulaya wakaanza kuuliza, kwani huyu mama farasi amemfanyia nini? Kufika 1969 Uingereza walikuwa na chama cha nchi nzima cha kupandisha wenye ulemavu, na Marekani wakaanzisha chao mwaka huo huo. Nikisoma habari za Hartel nilikuwa namfikiria mshona viatu wa hapo nje ya kibanda changu, polio ilimpata akiwa mtoto pia, anatembea kwa mikono na ndala zimevaliwa viganjani. Kumi na tano miaka namwona na sijawahi kumuuliza kitu chochote kisichohusu soli.

Sasa, sitaki mtu anisome alafu auze mbuzi. Anko hatembei. Amepanda karibu mwaka mzima na hatembei. Utafiti mwingi umefanywa kwa watoto wa CP kama yeye, na panapoonekana faida wazi ni kukaa wima, kusawazisha mwili, na misuli ya mapaja kulegea. Kuhusu kutembea ushahidi ni mwembamba. Na ile kulegea haikai siku zote, ikifika Jumatano miguu imeshaanza kukaza tena na mazoezi ya jioni yanaendelea kama kawaida, na kilio. Kuna Jumamosi Anko alikataa kupanda, kuna moja alitapika juu ya Waru, kuna mwezi mzima wa Aprili tulikosa juu ya matope, kiti hakisukumiki. Kwa intaneti nimeona watu wanaongea ati farasi anaskia moyo wako, farasi anaponya roho, video na muziki wa piano. Labda. Mimi nimeona farasi anatembea na watu watatu wanatembea kando yake kwa baridi ya Njoro mpaka mabega yanauma, na Jumamosi ndio siku yangu ya kazi nyingi kibandani.

Mama yangu ndiye aliyepinga hii mambo zaidi. Njoro na farasi ni habari ya tangu Lord Delamere, yule mlowezi wa kizungu, na vitabu vinamjua sana Beryl Markham, aliyelelewa hapo Njoro kwa shamba la babake katikati ya farasi, akawa mfundishaji wa farasi wa mbio mwenye leseni, alafu mwaka wa 1936 akavuka Atlantiki peke yake na ndege kutoka Uingereza. Sawa. Babu haimo kwa hivo vitabu. Babu alikuwa anaamka saa kumi usiku kufagia zizi, kupiga burashi, kupasha maji, na jioni anarudi nyumbani ananuka hivo mpaka watoto wake wakaitwa majina shuleni. Mama ni mmoja wa hao watoto. Tulipomwambia mjukuu atapelekwa kwa farasi alisema maneno mafupi tu: "Baba yangu aliwafagilia mavi miaka yake yote na hawakumpa hata bati moja. Na nyinyi mnalipa nauli kuwafuata." Hakuna aliyemjibu. Ungemjibu nini?

Kwa hivo nikafikiria, kama ni mwendo tu, si hapa Kaptembwo tuna punda? Kila kona kuna punda wa maji. Na sio wazo la kiwazimu, Uingereza kuna shirika la The Donkey Sanctuary, lilianzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka wa 1969, wamekuwa wakitumia punda na watoto wenye ulemavu, na kwao punda habebi mtu anayepita kilo 50. Anko ana 24. Jirani yangu ana punda, anamlinda kama gari tangu ile miaka vichinjio vya punda vilifunguliwa na wakaanza kuibiwa usiku, akanikubalia jioni moja. Tukakunja magunia mawili, tukamweka Anko juu, kofia ya boda kichwani, mimi kushoto jirani kulia. Punda akatembea vizuri sana. Alafu akasimama kwa geti. Tukamvuta, hapana. Akakaa hapo kama dakika moja, akaendelea. Geti lingine, akasimama. Ndio tukajua: alikuwa anasimama kila geti analopeleka maji. Na wenye nyumba wakiskia kwato wanatoka na mitungi! Mama mmoja akatoka na mitungi minne akapata mtoto juu ya punda. Anko alicheka mpaka mate yakamwagika kifuani, alicheka mpaka akaanza kuteleza na tukamshika kwa shati. Jumatatu nikamwambia madam, nikiwa najivuna kidogo. Niligombezwa. Mgongo wa punda huyo ni mwembamba umechongoka, hatua zake ni fupi na za haraka, hajafundishwa kusimama mtoto akipoteza usawa, na kitu kingine ambacho niliona aibu kukubali ni kwamba chini ya yale magunia nilikuwa nimeona vidonda vya kamba ya mkokoteni na nikafunika tu. Nilirudi kwa jirani na dawa ya vidonda. Hiyo ndio ilikuwa mwisho wa mradi wangu.

Bei ndio sababu hii kitu haiko kila mahali, tuseme ukweli. Farasi wa kilo mia nne anakula kama kilo nane za nyasi kavu kwa siku, afanye kazi asifanye. Fundi wa kwato anakuja kila wiki sita mpaka nane. Kuna chanjo ya kila mwaka ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na wadudu wa kuuma usiku, wadogo kuliko mbu, ndio maana mzee huwaingiza ndani kabla giza halijaingia. Binamu yangu wa Homa Bay, ana mtoto wa CP pia, alinipigia akauliza mbona huku kwetu hakuna. Nikamwambia uliza wazee kuhusu mbung'o wa bonde la Lambwe. Upande huo farasi alikuwa hamalizi mwaka, nagana, ugonjwa unaoletwa na huyo mbung'o, inammaliza, na penye farasi hawakuzoeleka huwezi kupata saisi, na bila saisi hakuna kitu. Alinyamaza kidogo kwa simu alafu akasema, basi nitaendelea na ule mpira mkubwa wa mazoezi. Nilijiskia vibaya siku hiyo nzima.

Nilikuwa nimesema nitarudi kwa maneno ya Anko, au sikusema, anyway. Sheria ya mzee saisi ni hii: yeye huanzisha Waru siku za mwanzo tu. Baadaye mpandaji ndiye anasema. Waru anajua maneno mawili, twende na simama. Kwa wiki kadhaa Anko alikuwa anainua mkono na mzee anakubali. Alafu Jumamosi moja akainua mkono na mzee akabaki anaangalia miti. Tukangoja. Dada akafungua mdomo amsemee, mzee akamwonyesha kiganja. Nilikuwa nimeshika paja, naskia mtoto anakusanya pumzi, inafika katikati inavunjika, anakusanya tena. Madam aliwahi kutueleza kwamba mtoto akikaa amejikunja kifua kinafungwa, sauti inakosa upepo, na mgongo ukinyooka upepo unapata pa kupita. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nakumbuka sikio moja la Waru likageuka nyuma, lile la kushoto, likamwelekea.

"Tweeende."

Na Waru akaenda. Kilo mia nne zikaenda. Anko alisema simama baada ya hatua tatu, sio ati alitaka kusimama, alitaka kuona kama itafanya kazi. Ikafanya. Twende. Simama. Twende. Siku hiyo hatukufika hata nusu ya zile hatua zetu na madam hakusema kitu.

Mama yangu alikuja mwezi uliopita. Alivaa kama anaenda mazishi, akasimama mbali karibu na ua na mkoba ameukumbatia. Mjukuu akapita mara ya kwanza, ya pili, hakupunga mkono. Mara ya tatu nikaona ameanza kuongea na mzee saisi, nikaogopa, kumbe wanaulizana nani alikuwa anafanya shamba gani na mwaka gani, na ikatokea mzee alikuwa anamskia skia babu kwa jina. Hawakusema mengi. Alafu akaenda mwenyewe nyuma ya zizi, akachota mbolea kwa mkono, akainusa, akauliza hii mnatupa wapi.

Kwa hivo tulirudi steji na gunia. Konda akaangalia kiti, akaangalia gunia, akasema mizigo ni miwili. Kabla sijafungua mdomo nikaskia mgongoni kwangu kifua kinajaa.

"Kiti... si mzigo." Akapumzika. "Gunia... ndio mzigo. Ni ya... shosho."

Gari zima lilicheka, hata konda alicheka, akapiga bodi ya gari na kiganja. Alafu akalipisha vyote viwili. Mama alinuna mpaka Kaptembwo, gunia katikati ya miguu yake, matatu yote inanuka Waru.